Daftari la Breki

Mbwa aliletwa Jumamosi asubuhi ndani ya katoni ya sabuni, na kabla hajamaliza robo saa ndani ya nyumba alikuwa ameshakojoa mara mbili: kwanza juu ya zulia la sebuleni, kisha ndani ya kiatu cha aliyemleta. Aliyemleta ni mwenye nyumba, mhandisi wa barabara, mtu wa kuondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Alikuwa amemwahidi binti yake wa miaka minane vitu vingi ambavyo havikuonekana, na mbwa ndiye pekee aliyewahi kufika. Alichomoa mguu kwenye kiatu, akautazama, akamwambia mkewe, "Atajifunza."

"Atafundishwa na nani?" mkewe akauliza. Yeye hufundisha hesabu shule ya msingi. Hutoka nyumbani na binti yake alfajiri, hurudi naye saa tisa na nusu alasiri. "Wewe hupo. Mimi sipo. Au atajisomea mwenyewe?"

Mzee aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Mimi nipo."

Alikuwapo kweli. Tangu mkewe afariki na mwanawe, huyu mhandisi, amchukue, mwaka wa pili sasa, kuwapo ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa reli kwa miaka thelathini na minne, kumi na tisa ya mwisho akiwa mkuu wa stesheni ndogo yenye njia mbili, tangi la maji na benchi moja la abiria. Mtaani walimwita Mkuu, na hata mhudumu wa duka la kona, aliyezaliwa treni zikiwa zimeshaacha kupita, alimwita hivyo hivyo. Alistaafu na filimbi yake, na mkono usioweza kuacha kuandika. Stesheni ni mahali pa kuandika: treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, imechelewa kwa nini. Mkuu alijulikana njia nzima kwa jambo moja, kwamba hakuwahi kuandika saa ya uongo. Madereva walimbembeleza awafutie dakika tano za kuchelewa, wengine wakamtukana matusi ya nguoni, na dakika zikabaki palepale.

Jina la mbwa lilileta ubishi. Mjukuu alitaka aitwe Malaika.

"Malaika hakojoi kwenye kiatu," mama yake akasema.

"Mwiteni Breki," akasema Mkuu. "Kwa sasa hana, lakini akiitwa sana huenda zikamjia."

Jumatatu Mkuu alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akalipiga mistari kwa rula. Saa, mahali, haja gani, maelezo. Alishaulizia kwa watu waliowahi kufuga, akaelewa kwamba mtoto wa mbwa hujisaidia akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, kwa hiyo jambo lenyewe si la fimbo, ni la ratiba. Ratiba aliijua. Kila Breki alipofumbua macho alimbeba hadi uani, nyuma ya tangi la maji la nyumba, mahali palepale kila siku. Akapuliza filimbi kidogo, pumzi ya kupozea chai tu, akatamka maneno aliyowaruhusu nayo madereva maisha yake yote: "Njia wazi." Kisha akasubiri. Mbwa akikojoa, alipata kipande cha mkate na sifa nyingi. Asipokojoa, walirudi ndani na kutoka tena baada ya dakika kumi. Sakafu ya ndani aliisugua kwa siki, kwa sababu aligundua kwamba dawa ya mkamwana wake ilinukia vizuri kwa watu lakini haikumwondolea mbwa alama yake. Na alipiga marufuku jambo moja: mtu asimsukume mbwa pua kwenye mkojo wake.

"Kwa nini, babu?" mjukuu akauliza.

"Wewe ulipokuwa mdogo ulisukumwa?"

Kurasa za kwanza za daftari zilikuwa aibu tupu. Saa 2:10, sebuleni, ndogo, nimechelewa mimi dakika mbili. Saa 5:40, chini ya meza, kubwa, nilikuwa nazungumza na jirani. Kosa lilipokuwa lake aliliandika kuwa lake. Wiki ya pili neno "uani" likaanza kujitokeza, na wiki ya tatu safu nzima ya mahali ilikuwa uani, uani, uani, mpaka mwisho wa ukurasa. Wageni walipokuja, mjukuu aliwaburuta hadi nyuma ya tangi. "Babu, waonyeshe!" Mkuu alipuliza, akasema maneno yake, na Breki akachuchumaa na kufanya kazi yake huku akiwatazama wote mmoja mmoja, kama anayengoja kupigiwa makofi.

Hata mkamwana alicheka. "Baba, njoo unishikie darasa la tatu. Nina watoto arobaini na wanane, hakuna hata mmoja anayenisikia hivi."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia nje ya habari za chakula na dawa ya presha. Jioni ile Mkuu alikaa na daftari mapajani akitafuta pa kuiandika, lakini hakuwa amepiga mstari wa mambo kama hayo.

Chumba cha Mkuu kilikuwa mwisho wa korido, kilichokuwa stoo kabla hajaja. Choo kilikuwa upande wa pili. Hatua kumi na moja. Alizihesabu siku ya kwanza, kama alivyohesabu kila kitu. Jumanne ya wiki ya nne aliamka kutoka usingizi wa mchana, akavaa ndala, akatoka. Hatua ya sita mwili haukumsubiri.

Mpaka siku hiyo alikuwa akiponea chupuchupu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akifika mlangoni kwa kukimbia, akicheka peke yake kama mtu aliyedaka treni ikiondoka. Sasa treni ilikuwa imeondoka. Alisimama katikati ya korido, miguu imelowa, na mbele yake Breki, aliyekuwa ametolewa uani saa tisa na dakika tano na kuandikwa, amekaa kitako na kuinamisha kichwa upande mmoja.

Mkuu alirudi chumbani, akabadili suruali, ile iliyolowa akaisukumiza chini ya godoro. Alikuwa akienda kuchukua kitambaa cha sakafu aliposikia ufunguo wa geti. Mjukuu alitangulia mbio na begi lake mgongoni.

"Mama! Breki kakojoa ndani!"

Mkamwana akaja, akalitazama lile dimbwi, akashusha pumzi. "Na mimi nilishaanza kujisifu naye ofisini."

Palikuwa na nafasi ya kusema, nafasi ya pumzi moja hivi. Mkuu alisema, "Nilisinzia." Hilo lilikuwa kweli. Uongo ulikuja jioni, alipofungua daftari, akaandika saa 9:25, koridoni, ndogo, na kwenye maelezo akaweka jina la mbwa. Mwandiko ulikuwa uleule wa miaka thelathini na minne, wima na safi.

Ili kumwelewa ni lazima kurudi nyuma, mwezi wa kwanza alipohamia pale. Alikuwa akipita karibu na jikoni, na mkamwana alikuwa akizungumza na dada yake kwa simu. "Mwache akae, hana shida," alimsikia akisema. "Anakula anachopewa, haongei sana. Lakini nimeshamwambia mwanawe: mimi nilimuuguza mama yetu miaka minne. Nilimfulia, nilimgeuza, nilimsafisha, na kazini sikukosa. Nikaapa. Siku baba akianza kujikojolea, anakwenda kile kituo cha wazee. Sio roho mbaya. Mikono yangu imechoka."

Mkuu hakumchukia kwa hilo. Mama yule alimwona kwenye picha ya sebuleni, na mikono ya mkamwana aliiona kila siku. Lakini kituo cha wazee nacho alikuwa amekiona. Alikwenda kumtembelea mwenzake wa reli, mtoa ishara za treni wa zamani, akamkuta kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa hauna hata kalenda. Alimsalimia kwa jina lake, na yule mtu akamuuliza, "Wewe ndiye wa chai?"

Maji yakarudi koridoni Ijumaa, na Jumatatu, na Alhamisi. Mara nyingine Mkuu aliwahi kuyafuta, mara nyingine hakuwahi. Mara ya nne mkamwana alitoka kazini amevurugwa na wazazi wa wanafunzi; akamshika Breki shingoni na kumsukuma pua kwenye maji. "Huoni? Huoni ulichofanya?" Breki alipiga kelele, akalegea, akalala chali. Mkuu, aliyewakataza wote jambo hilo, alikuwa anatazama nje ya dirisha. Kulikuwa na kamba ya nguo na nguo mbili juu yake.

"Baba," mkamwana akasema akinyanyuka, "huyu ama anaumwa ama ni punguani. Mtafutie daktari. Kama anatibika atibiwe, kama hatibiki aondoke. Siwezi kuishi ndani ya choo."

Hivyo ndivyo Mkuu alivyoanza kutafuta daktari wa mbwa asiyeumwa. Wafugaji wengine hutafuta daktari mzuri. Yeye, ingawa hakulikiri hata rohoni, alihitaji daktari mbaya, wa kumpa ugonjwa wenye jina na wenye matibabu ya muda mrefu.

Wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, ofisi yenye harufu ya dawa ya kupe na picha ya ng'ombe ukutani. Watu walikuwa wamekaa na kuku wao ndani ya vikapu. Daktari, mtu mwenye viatu vya mpira hadi magotini, alimnyanyua Breki kwa ngozi ya shingo kama sungura wa kupimwa uzito.

"Anakula?"

"Anakula."

"Anaharisha?"

"Hapana. Anakojoa."

"Mzee, na wewe hukojoi?" Watu wa kuku wakacheka. Mkuu naye akacheka, kuliko wote. Daktari akamkabidhi dawa ya minyoo na kumwambia asimpe maziwa.

Wa pili alikuwa na kliniki ya vioo, mapokezi, kompyuta na harufu ya pipi. Kijana mwenye koti jeupe lililonyooka alimpima Breki uzito, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akabonyeza kompyuta kwa vidole vyote kumi. Halafu akasema kwamba mbwa ana msongo wa mawazo, akaandika matone ya kutuliza, mara mbili kwa siku, miezi mitatu. Mkuu alitoka pale akitembea kama kijana. Miezi mitatu!

"Msongo wa mawazo?" mkamwana akasema, chupa mkononi. "Wa nani? Wa mbwa? Analala saa kumi na nane, anakula bure, hana mkopo, hana mwalimu mkuu. Mimi ndiye nipewe matone." Kisha akaweka chupa mezani. "Mwenzangu mmoja kazini ana mbwa wawili. Anasema kuna daktari nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke. Anasema yule hakufichi neno. Nenda huko, baba. Na daftari lako umpelekee, si umeandika kila kitu?"

Alikwenda, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutokwenda.

Chumba kilikuwa gereji ya zamani iliyopigwa chokaa. Daktari alikuwa mama mfupi, mikono yake imejaa mikwaruzo ya paka. Hakumgusa mbwa. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akaanza kuzungumza na Mkuu kuhusu joto, mpaka Breki mwenyewe akamfuata na kumlalia mguuni. Ndipo akampapasa, taratibu, tumbo, mgongo, chini ya mkia. Alimtazama ufizi. Alimtoa nje, akamngoja, akakinga mkojo kwa kikopo na kuutumbukizia kijikaratasi cha kupimia.

"Nani amemfundisha kukojoa kwa filimbi?" akauliza aliporudi.

"Mimi."

"Shikamoo tena, mzee," akasema, na akawa anamaanisha. "Niletee hilo daftari."

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma kurasa za mwanzo akitabasamu. Kurasa za mwisho alizisoma mara mbili.

"Mzee, hapa umeandika saa tisa na dakika tano, uani, ndogo. Halafu saa tisa na dakika ishirini na tano, koridoni, ndogo. Dimbwi lilikuwa kubwa?"

"La kiasi."

"La kikombe?"

Mkuu aligeukia mlangoni.

"Kibofu cha mbwa wa umri huu ni kama limau. Amekamua limau lake saa tisa na dakika tano. Dakika ishirini baadaye anatoa wapi jingine?" Alifunua ukurasa. "Na kila mara ni koridoni. Kila mara ni saa za usingizi wa mchana. Lakini mbwa hulala saa zote." Alilifunga daftari na kulishika kwa mikono miwili, kisha akasema kwa sauti ndogo, ingawa chumbani hapakuwa na mtu, "Nani mwingine analala upande huo wa korido?"

Breki alikuwa anatafuna kamba ya kiatu cha Mkuu. Mkuu aliinama kumwachisha, akachelewa kuinuka.

"Hilo lina matibabu, mzee wangu. Kwa wanaume wa umri wako mara nyingi ni tezi dume tu. Wanakuja, wanapewa dawa, wanaendelea na maisha yao. Nina rafiki yangu ni daktari wa watu, hata leo hii naweza kumpigia."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mbwa," Mkuu akasema.

Mama yule alimrudishia daftari. Kisha akachukua karatasi yenye mhuri, akaandika na kumpa. Mkuu aliisoma nje, amesimama kati ya marundo ya nondo na mifuko ya saruji. Nimempima mbwa huyu. Kibofu, figo na mkojo viko sawa. Adabu ya usafi anaijua kikamilifu. Maji ya koridoni yana chanzo kingine. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake; hata yeye, enzi zake, asingeliandika vizuri zaidi. Akaikunja mara nne.

"Kasema nini?" mkamwana akauliza jioni.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati. Kuitoa kungechukua sekunde mbili.

"Kasema ndivyo alivyo," Mkuu akajibu. "Hatibiki."

Mkamwana hakushangilia. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akavuta daftari. "Sitaki uniseme kwamba nimemwonea, baba. Nimehesabu humu humu. Mara saba ndani ya siku kumi na tisa, mbali na nilizofuta mwenyewe. Ingekuwa kaandika mtu mwingine ningebisha. Lakini wewe huandiki uongo, kila mtu anajua."

Mlinzi wa bohari la mbao, aliyekubali kumchukua mbwa, alikuja Jumapili na baiskeli na kikapu. Mhandisi alimsaidia kumfunga Breki, akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakukipata mpaka baiskeli ilipoondoka. Mjukuu alijifungia chooni.

"Hatalala ndani huyu," mlinzi akasema. "Mchana mnyororo, usiku bohari."

"Anafundishika," Mkuu akamwambia. Alikuwa ameshikilia usukani wa baiskeli bila kujua. "Ukimwambia njia wazi, anaelewa. Mpeleke mahali pamoja, upulize kidogo tu..."

"Mzee wangu, bohari lote ni njia wazi. Akojoe anapotaka. Mbao hazisemi." Akamwondolea mkono kwa adabu, akapanda.

Breki hakulia. Alikaa ndani ya kikapu masikio juu, akimtazama Mkuu mpaka kona, akingoja filimbi.

Baada ya hapo Mkuu aliishi kwa uangalifu wa mtu anayebeba sahani zilizojaa. Aliacha kunywa maji ikifika saa sita. Usingizi wa mchana aliulala kwenye kiti, karibu na mlango wa choo, na mjukuu alipomuuliza alisema pana hewa nzuri. Alijikunjia tambara na kulivaa. Nyumba ilibaki kavu. Mkamwana alisema kwenye simu kwamba sasa anapumua. Daftari lilikuwa chini ya mto, na ndani yake ile karatasi iliyokunjwa mara nne; hakulifungua.

Siku tisa. Ya kumi joto lilikuwa kali, kiti kikamuumiza mgongo, akasema atajinyoosha kitandani dakika tano tu.

Alipoamka ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nane. Alifika hatua ya nne. Alisimama akisikiliza maji yakishuka, na kabla hayajaisha akasikia ufunguo wa geti, na ndala zake hazikuweza kurudi wala kwenda mbele.

Mjukuu aliingia wa kwanza kama kawaida. Hakumtazama babu yake. Aliona sakafu, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyewashiwa taa.

"Karudi!" akapiga kelele. "Mama, Breki karudi! Kakojoa!" Akatupa begi chini, akampita Mkuu kwa mbio, akachungulia chini ya kitanda, chini ya meza, akatokea mlango wa nyuma. "Breki! Breki! Njoo!"

Mkamwana alikuwa amesimama mwanzo wa korido, madaftari ya wanafunzi mikononi. Alitazama maji. Alifuata maji kwa macho mpaka kwenye ndala, akapanda mpaka kwenye suruali, akabaki hapo muda mrefu, na Mkuu akaona anahesabu: saba, siku kumi na tisa, koridoni, koridoni, koridoni.

"Baba," akasema.

Nje, nyuma ya tangi, mtoto alikuwa ameipata filimbi kwenye msumari wake, anapuliza, ananyamaza kusikiliza, anapuliza tena.